Biskuti za Matrah na Ulaya ya Baridi

Vijana wenzangu wa studio, mliniomba kurasa mbili kwa ajili ya kitabu cha kampuni, na mkanipa karatasi yenye vichwa tayari: Vyeo Vyangu, Tuzo Zetu, Ujumbe kwa Kizazi Kipya. Mtanisamehe. Vyeo vyangu vyote vilikuwa kimoja, kikibadilishwa jina kila tulipobadilisha zulia. Tuzo ntaitaja moja, kwa sababu ilinikera. Na kizazi kipya hakisomi ujumbe wa bibi aliyestaafu, kwa hivyo ntaandika nnayoyakumbuka. Mkitaka kukata, kateni, ila msikate katikati ya neno kama ilivyokuwa ikifanya ile kompyuta yetu ya kwanza.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye matbaa ya Wadi Kabir, hapa Muscat, kiwanda cha chapa ambacho baadaye ndicho kilichozaa studio yenu yenye viyoyozi. Upande wa kulia palikuwa na gereji ya kunyoosha mabati ya magari. Upande wa kushoto palikuwa na gereji ya kunyoosha yaliyoharibiwa na ile ya kulia. Mwenye matbaa, Bwana Badar, alikuwa mzaliwa wa Unguja kama mie, na alinisaili huku akipaza sauti juu ya nyundo za pande zote mbili.

"Umesoma wapi, Bi Raya?"

"Ulaya."

"Ulaya ipi?"

"Ile ya baridi."

Akakitoa cheti changu kwenye bahasha, akakitizama, akakigeuza, akakitizama tena. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi ambazo nilikuwa na hakika hazijui. Akakirejesha bahashani polepole.

"Baridi ni nzuri kwa afya," akasema. "Utaweza kuanza Jumamosi?"

Ulaya ile ilikuwa Moscow. Serikali ya kwetu ilitupeleka wanne, miaka ya sabini. Mmoja alisomea saruji, mmoja reli, mmoja samaki wa maji baridi, na mie nikapewa uchoraji wa mabango, labda kwa kuwa ndicho kilichobaki. Unguja haikuwa na reli wala samaki wa maji baridi, na mabango yaliyohitajika yalikwishachorwa. Nilipohamia Muscat kuwafuata wazee wangu, nilikuta mtu aliyetoka Moscow ya Wakomunisti anatizamwa kama aliyebeba kaa la moto kwenye mkoba. Mama alikuwa akiwaambia wageni nimesoma Ujerumani. Kwa wageni wa heshima zaidi, Uswisi. Mie nikachagua baridi, kwa sababu baridi haikuwa uongo.

Mwalimu wangu huko alikuwa bibi mmoja mfupi, Antonina, mwenye doa la wino mweusi vidoleni lisilotoka, kama hina iliyopakwa msibani. Alipokuwa msichana wa skuli ya sanaa, katika miaka ya ishirini, alikuwa akijaza rangi kwenye mabango ya maduka ya serikali. Hapa ndipo watu hushangaa. Warusi walikuwa wameshapindua nchi, wameshapigana wenyewe kwa wenyewe, watu wana njaa, kisha serikali ikalegeza kamba na kuwaruhusu wafanyabiashara wadogo kurudi sokoni. Ghafla duka la serikali likajikuta linashindana na muuza chai wa kichochoroni, na muuza chai ndiye mwenye wateja. Basi wakaitwa wachoraji na washairi, wale wale waliokuwa wakipiga kelele kwamba sanaa yote ya kale itiwe moto, wakaambiwa: hebu tuuzieni biskuti.

Wakauza. Waliuza biskuti, sigara, penseli, peremende, raba za kuvaa juu ya viatu wakati wa tope, na chuchu za mpira za kunyamazishia watoto. Mshairi alitunga mistari miwili asubuhi, mchoraji akaipanga mchana, na wanafunzi kama Antonina wakajaza herufi mpaka vidole vikafa ganzi. Rangi zilikuwa mbili au tatu, maana wino haukuwepo. Herufi zilikuwa kubwa kama milango, maana wengi walikuwa wamejua kusoma juzi. Kulikuwa na mishale, alama za mshangao, picha zilizokatwa kwa mkasi, na mstari wa mshazari unaopanda kutoka chini kushoto mpaka juu kulia kama mtu anayekimbilia ngazi. Baadaye wakubwa walichoka na mishale, wakataka wakulima wanaotabasamu. Wale wachoraji wakaambiwa wamepotoka. Antonina akanyamaza, akawa mwalimu.

Alikuwa na mtihani wake. Alitundika kazi yako mwisho wa ukumbi, kisha akamwita bibi anayepiga deki na kumwambia asogee kidogo kidogo kutoka mlangoni. Alama zako zilitegemea alipoanza kusoma. Kazi yangu ya kwanza, yule bibi alisogea mpaka pua ikagusa karatasi, halafu akauliza kama hii ni ramani.

Na elimu hiyo nikaingia Wadi Kabir.

Kazi yangu ya kwanza ya bango ilikuwa ya Haji Mukhtar, tajiri wa soko la Matrah aliyekuwa akiingiza biskuti kutoka nje. Mpaka hapo nilikuwa nimechora kadi za harusi, na harusi hazihitaji mishale. Haji alikuja mwenyewe, amevaa joho, akakaa, akasema anataka bango lenye heshima. Nikachukua penseli. Akataja ngome, birika la kahawa, waridi, ndege kozi aliyekunjua mbawa, mtoto anayecheka, na yeye mwenyewe.

"Na biskuti, Haji?"

Akafikiri. "Na biskuti moja, kama patakuwa na nafasi."

Nilifanya kinyume. Nilitumia rangi mbili, nyeusi na nyekundu, juu ya karatasi yenye rangi ya biskuti yenyewe. Biskuti kumi na mbili zilipanga mstari wa mshazari, zikipanda kuelekea mdomo ulioachwa wazi juu kulia. Haji alitaka awemo, basi nikamtia: mdomo ulikuwa wake, nimeukata kwenye picha yake. Nikaona nimemtendea haki Antonina, nikapeleka kazi kwa Ustadh Mahfudh atie maandishi ya Kiarabu.

Ustadh Mahfudh alikuwa khattati wetu, mwandishi wa khati kwa mkono, mtu wa Pemba aliyeandika vibao vya nusu ya maduka ya Matrah. Baadhi ya vibao hivyo vilikuwa na makosa, na alijua kila kosa ni la nani, kwa sababu wenye maduka ndio walioshikilia yaandikwe hivyo. Akaliweka bango mbele yake, akanywa kikombe kizima cha kahawa huku akilitizama.

"Raya, huyu mtu anaumwa?"

"Haumwi, Ustadh. Anakula. Tizama, biskuti zinapanda."

"Zinapanda kwa nani?" Akaweka kidole juu kulia. "Mie msomaji wa Kiarabu, nnaanzia huku. Nnakuta mdomo. Kisha biskuti zinatoka mdomoni, zinaporomoka, zinaporomoka, mpaka sakafuni. Huyu mtu anatapika."

Nilitizama. Nilikuwa nimesoma miaka sita, nimesahihishwa na mwanamke aliyekaa chumba kimoja na wakubwa wa sanaa ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mstari wao ulikuwa unapanda kwa sababu tu macho yao yalikuwa yakitembea kutoka kushoto. Kwa macho ya Matrah, ile sanaa nzima ilikuwa inateremka.

Nikataka kulichana. Ustadh akanishika mkono. "Usichane karatasi ya watu. Ligeuze." Tukaligeuza lote: mdomo juu kushoto, mwanzo chini kulia. Kisha akafanya jambo ambalo Moscow hawakuwa nalo. Alichukua herufi ya sin katika neno la biskuti akaivuta, maana khati ya Kiarabu hukubali kuvutwa, akaivuta kama kamba kutoka kona hadi kona, ikapanda yenyewe, na biskuti zikakaa juu yake kama ndege kwenye waya. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akasema nafasi ilikuwa kubwa na herufi ilikuwa ndogo, angefanyaje?

Wafula ndiye aliyelichapa. Alikuwa fundi wetu wa mashine, Mkenya wa Bungoma, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la mtaa wa Ruwi, na mtu wa kwanza kulipenda lile bango bila ya kuelezwa. "Madam, hii ndiyo kazi," akaniambia. "Hawa wengine wananiletea rangi kumi na mashine yangu ni ya rangi mbili. Hizo nane zingine huwa naombea."

Lilipobandikwa, Haji Mukhtar alikuja mbio bila ya joho. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na jino la dhahabu. Suku nzima ya Matrah, yaani soko lote, ilikuwa imelitambua, na wachukuzi walikuwa wakimwamkia kwa kuachama.

"Mke wangu anasema jino langu linaonekana mpaka bandarini," akasema.

Nikaomba radhi. Nikamwambia tutalifuta.

"Nani kasema mlifute?" akajibu. Akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Biskuti zimekwisha ghalani. Nimekuja kuuliza kama jino linaweza kukuzwa."

Basi ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka, mie na Ustadh. Tuliuza sabuni, mchele, betri na viatu kwa mishale inayopanda kwenda kushoto, na hakuna aliyeuliza mishale hiyo ilikozaliwa. Wateja waliiita mtindo wa Wadi Kabir.

Katikati ya miaka ya tisini ikaja kompyuta. Bwana Badar aliizindua kwa halua na kahawa na kumwambia Ustadh apumzishe mkono. Mashine ile ilikuwa haijui kwamba herufi za Kiarabu hushikana. Ilizitenganisha zote, kisha ikazipanga kinyumenyume, na tukachapa bango zima la duka la miwani lililosomeka kama mtu anayeugua meno. Mwenye duka hakuona kasoro, na pengine ndiyo sababu alikuwa akiuza miwani. Ustadh alirudishiwa meza yake, akapewa kazi ya kukagua kila kinachotoka kwenye kompyuta. Alikuwa akiziunganisha herufi kwa kalamu huku akinong'ona, "Poleni, poleni."

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, Bwana Badar alisikia kwamba Dubai hakuna tena viwanda vya chapa, kuna mawakala wa ubunifu. Akakodi jumba mtaa wa matajiri wa Madinat Sultan Qaboos, akaweka viti visivyokalika, akaacha mashine na Ustadh huko Wadi Kabir, na akamleta mkurugenzi wa ubunifu kutoka London, kijana aliyeitwa Julian. Nasema bila ya kinyongo kwamba Julian alikuwa mchapakazi na mwenye adabu. Tatizo lake lilikuwa moja tu, alikuwa amesoma kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa kizito kama tofali. Siku ya mkutano wetu wa kwanza alikiweka mezani akakifungua, na kilikuwa kimejaa mabango ya Moscow ya miaka ya ishirini. Biskuti, penseli, raba, chuchu za mpira. Akatueleza kwamba hii ndiyo sanaa yenye nguvu kuliko zote za tangazo, kwamba haijawahi kuletwa Ghuba, na kwamba sisi tutakuwa wa kwanza. Kisha akaniona nimekodoa macho, akasogeza kitabu upande wangu, akanifunza kwa upole namna ya kuyatamka majina ya wachoraji. Aliyakosea yote.

Lakini sikuwa nikitizama majina. Nilikuwa nikitizama bango la chai. Antonina alikuwa ametusimulia kuhusu bango hilo mara nyingi. Alilijaza akiwa na homa, na herufi moja kubwa nyeusi ikaegemea upande kama mtu aliyechoka kwenye foleni. Waliogopa kutupa karatasi, likachapwa hivyo hivyo. Na herufi ilikuwa pale, imeegemea. Chini ya picha paliandikwa majina ya wanaume wawili, kisha maneno "pamoja na wasaidizi".

Ningeweza kusema. Nilikuwa mtu mzima, ile Urusi ya wakati wangu ilikuwa haipo tena, na hakuna aliyekuwa akijali. Lakini uongo ukishautunza miaka kumi na kitu unakuwa kama kochi kubwa sebuleni, hujui uutoe kwa mlango gani. Nikasema, "Kitabu kizuri," nikaomba ruhusa kwenda kunawa uso.

Kazi kubwa ya Julian ilikuwa ya benki moja, mikopo ya kujenga nyumba. Alichora mwenyewe. Chini kushoto kulikuwa na chumba kibovu cha kupanga, juu kulia jumba jeupe, na baina yao mstari mwekundu wa mshazari, baba, mama na watoto waliokatwa kwa mkasi wakiupanda. Juu ya mstari maneno ya Kiingereza yalipanda nao: kutoka chumba cha kupanga, mpaka nyumba yako mwenyewe. Benki wakapiga makofi. Kiarabu, wakasema, kitaingia mwisho. Sikuonyeshwa hicho Kiarabu. Cheo changu wakati huo kilihusu Kiarabu, nadhani ndiyo sababu.

Asubuhi moja Ustadh Mahfudh akanipigia simu kutoka Wadi Kabir. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu wa mtoto wa jicho, akisoma kwa kuweka karatasi puani.

"Raya, njoo. Hawa watu wamefukuzwa jumbani wanapelekwa bandani."

Nilipanda teksi. Mashine ilikuwa inakwenda, na mabango yakianguka moja juu ya jingine kama mkate wa kumimina. Nikachukua moja. Kiarabu kilikuwa kimewekwa juu ya mstari ule ule, na kwa kuwa Kiarabu huanzia kulia, maneno "kutoka chumba cha kupanga" yalianzia kwenye jumba jeupe, yakateremka, na "mpaka nyumba yako mwenyewe" yakaishia kwenye kile chumba kibovu. Benki ilikuwa inawaahidi watu wa Muscat kwamba itawatoa kwenye majumba yao.

"Wafula, simamisha."

Wafula hakugeuka. "Madam, hii kazi iko na sahihi ya bosi. Bila sahihi ingine sisimamishi. Viza yangu ni hii mashine."

"Simamisha, ntasema ni mie."

"Utasemea hapa, kwa sababu wewe ni wa hapa. Mimi nitasemea Bungoma."

Alikuwa na haki, na nilijua. Alikuwa na watoto watatu skuli, na neno moja la Bwana Badar lilitosha kumpandisha ndege. Ustadh ndiye aliyemsogelea na karatasi, akaweka kidole juu kulia, akamteremsha neno kwa neno. Wafula, asiyejua hata alifu ya Kiarabu, akakifuata kidole mpaka chini.

"Kwa hivyo mwenye kusoma Kiarabu anaona benki inampeleka kwa banda?"

"Ndiyo."

"Na hapa Muscat wanaosoma Kiarabu ni wengi?"

"Wapo wapo," Ustadh akasema.

Wafula akajipiga kifua mara moja, kama mtu anayemaliza sala, akabonyeza kitufe. Nilikuwa sijawahi kuisikia ile nyumba bila ya mashine. Hata nyundo za gereji zilionekana kunong'ona.

Nikarudi Madinat Sultan Qaboos na karatasi moja imekunjwa mkobani. Bwana Badar na Julian walikuwa kwenye viti visivyokalika. Nikaitandaza karatasi nikaeleza. Bwana Badar akasoma Kiarabu, uso ukabadilika rangi, lakini akamtizama Julian kwanza, kwa sababu Julian ndiye aliyetoka London.

Julian akatabasamu kwa subira. Akasema anaelewa wasiwasi wangu, lakini mstari huu haugeuzwi, ndiyo sarufi ya sanaa yenyewe, Warusi waliuchora hivi daima. Akakileta kile kitabu, akakifungua, na akauliza kwa adabu kabisa kama nina mazoea na sanaa ya Warusi.

Kwa bahati mbaya yake alikuwa amefungua bango la chai.

Nikalisoma kwa sauti, kwa Kirusi, mistari yote miwili ya ule ushairi wa kuuzia chai. Nikaifasiri kwa Kiingereza kwa ajili yake, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya Bwana Badar. Nikaweka kidole kwenye ile herufi iliyoegemea. "Hii," nikasema, "ilijazwa na mwalimu wangu akiwa na homa. Na mstari huu unapanda kwa sababu Warusi husoma kutoka kushoto. Wangekuwa Waarabu wangeugeuza siku ya kwanza, maana walikuwa wanataka kuuza chai, si kutunza sarufi."

Nikaona bora nimalize. "Bwana Badar, nna jambo la kukiri. Nilipokuja kuomba kazi nilikwambia Ulaya..."

"Ya baridi," akasema.

"Ndiyo. Sasa hiyo Ulaya..."

"Bi Raya, cheti chako kina muhuri wa nyundo na mundu, mkubwa kama kisahani. Ulidhani nilidhani umesomea useremala?"

Nikakaa kwenye kiti chao. "Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenijibu, kisha ningelazimika kujua." Akaikunja ile karatasi. "Nani kasimamisha mashine?"

"Mie."

"Na Wafula hakukataa?"

"Alikataa kabisa. Nilimlazimisha."

Nadhani na hilo pia alichagua kutolijua. "Mwambie asafishe mitungi ya wino wakati anasubiri," akasema.

Julian, na namsifu kwa hili, hakununa. Alivuta kiti, akaniuliza habari za Antonina mpaka adhana ya Adhuhuri, akataka nimwandikie jina lake. Akalinakili kwa penseli katika kile kitabu cha thamani, chini ya maneno "pamoja na wasaidizi". Tangu siku hiyo nikampenda kidogo. Tulichora upya pamoja. Kiarabu kikapanda kutoka kulia, Kiingereza kikapanda kutoka kushoto, vikakutana juu katikati kama paa la nyumba, na familia ikakaa chini ya paa. Ustadh aliandika khati yake akiwa amepiga magoti sakafuni, kila herufi ndefu kama mkono wake, kwa sababu ndogo zaidi ya hapo alikuwa hazioni. Hakuwahi kuandika vizuri zaidi.

Benki walifurahi mno. Kisha wakaomba rangi nyekundu iwe kijani, na kama ingewezekana, kozi. Tukamtua kozi juu ya paa. Julian alitoka nje kupunga hewa.

Bango likasimama njia ya Ruwi miezi mingi, na baadaye likapata tuzo Dubai. Hiyo ndiyo tuzo nliyosema ntaitaja. Kwenye cheti paliandikwa jina la Julian, "pamoja na timu ya Muscat". Timu ya Muscat ilikuwa mie, khattati mwenye mtoto wa jicho, na Mkenya mwenye kitufe. Julian alisema hakuandika yeye, na ninamwamini. Maneno yale hujiandika yenyewe. Ustadh aliacha kazi mwaka uliofuata, akahamia kwa mwanawe, mjini Barka, na huko akafariki, Mungu amrehemu. Kwenye kompyuta zenu mna herufi zilizonakiliwa kutoka khati yake. Zina jina la Kiingereza.

Wafula naye alirudi kwao kufungua duka la mikate. Siku ya kuaga aliniomba kibao. Nikamchorea kwa mkono, kwa rangi mbili, nyekundu na nyeusi: MKATE WA LEO! na mshale wa mikate inayopanda kwenda kulia, maana ni Kiswahili, na Bungoma hakuna wa kuniambia kuwa mtu anatapika.

Wiki iliyopita, mie nimeshastaafu, niko jikoni, simu ikalia.

"Madam Raya, niko na shida. Nimeibiwa."

Nikashtuka. "Umeibiwa nini, Wafula?"

"Bango! Mtu wa ng'ambo ya barabara, anauza baiskeli. Ameweka mshale ule ule, nyekundu ile ile, herufi zile zile. Mahali pa mkate ameweka baiskeli. Sasa watu wanaingia kwangu kuulizia pampu."

"Kachora vizuri?"

"Madam, nakwambia nimeibiwa."

"Nimesikia. Kachora vizuri?"

"Vizuri," akasema kwa shida. "Hiyo baiskeli inapanda mshale kama kilima. Ukiiangalia sana unasikia kuchoka miguu."

"Kachora nani?"

"Mama mmoja anaitwa Nekesa. Huwa anaandika maneno nyuma ya malori. Hata sasa yuko hapo kwa ngazi, anamalizia."

"Muulize yale magurudumu kayapimia nini. Sahani, sufuria, au mkono mtupu?"

"Madam, mimi nataka unishauri kama nimpeleke polisi ama niende kwa chifu."

"Muulize kwanza, Wafula. Mie nasubiri."

Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyekwisha kuibiwa na sasa anatumwa. Akaiweka simu juu ya meza ya mikate bila ya kuikata, nami nikamsikia anatoka, anavuka barabara, anaita, "Mama Nekesa! Wewe! Usishuke, kuna swali kutoka Muscat."